Mtani Amevaa Suruali ya Mjomba

Aliingia lupangoni, uani kwetu, amevaa suruali ya marehemu. Ilikuwa ile ya kijivu, ya kitambaa kizito, ambayo mjomba Jeannot aliivaa kila Jumapili na ambayo mimi mwenyewe niliipunguza kiunoni ugonjwa ulipoanza kumkondesha. Mulenga alikuwa ameifunga kwa kamba. Alisimama mlangoni pa ua, akakohoa kile kikohozi cha mjomba, kikohozi cha mtu aliyekula vumbi la mgodi wa Kipushi ujana wake wote, akashika kiuno, akawatazama watu waliojaa chini ya turubai, kisha akasema kwa sauti ya marehemu mwenyewe:

— Bantu mingi hivi! Nilipokuwa mugonjwa mulikuwa wapi? Ao ni harufu ya bukari njo imebaita?

Kicheko kikalipuka lupango zima. Wanawake waliokuwa wakimenya muhogo nyuma ya nyumba walikuja mbio na visu mikononi ili wasipitwe. Mama yangu, dada wa marehemu, mtu ambaye tangu mazishi alikuwa hajafungua mdomo ila kunywa chai, alicheka mpaka akashika ubavu. Mume wangu Zéphirin peke yake ndiye hakucheka. Yeye ni wa Kasai, na kwao mfu analiliwa, hachezewi. Aliniinamia sikioni:

— Kangwa, huyu mulevi mumutoshe.

Nikamwambia anyamaze, huyo hatolewi. Yule hakuwa mlevi, alikuwa mtani wetu, na siku ile alikuwa na haki ya kusema kuliko hata pasta. Mimi pia nilicheka, nakubali, maana mjomba alikuwa ameigwa vizuri mno. Ila nilicheka kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nikimwangalia mtu yule na kujiuliza swali lile lile nililokuwa nikijiuliza tangu aje mjini: mdogo wangu Mwansa umemfanya nini?

Nieleze kidogo, maana vijana wa hapa Lubumbashi siku hizi wanadhani utani ni kutumiana picha za kuchekesha kwenye simu. Sisi asili yetu ni upande wa Mitwaba, kule kaskazini. Kwa upande wa mama sisi ni Bena Mbushi, ukoo wa Mbuzi, na watani wetu ni Bena Ngo, ukoo wa Chui. Chui hula mbuzi, kwa hiyo tangu tunazaliwa tunatukanana, tunanyang'anyana kuku, tunaitana wachawi, na hakuna anayekasirika. Akifa Mbuzi, Chui ndiye anayechimba kaburi na kumlaza humo. Halafu, siku ya kufunga kilio, yule aliyeingia kaburini anavaa nguo za marehemu na kumwiga. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai chakula kama yeye. Wafiwa wanacheka hata kama wanaumwa, wanaongea naye kama wanavyoongea na marehemu, wanampa bukari, ugali wetu, anakula, anaondoka. Hapo marehemu ameaga. Na lolote atakalolisema mtani siku hiyo, hakuna ruhusa ya kumkatiza wala kumkasirikia.

Ana sharti moja tu: hamwigi mtu ambaye hakumzika kwa mikono yake.

Sharti hilo nililijua tangu utotoni, na aliyenifundisha ni Mulenga mwenyewe, kwa mgongo wake. Alikuwa rika moja na Mwansa, na pale kijijini walikuwa hawaachani. Siku moja alijifunga kikwembe cha mama yangu, akaweka beseni kichwani, akaanza kutembea kama mama anavyotembea, kifua mbele, kama anakwenda kugombana na mtu. Tulicheka sana sisi watoto. Babu yake Mulenga alitoka nyumbani na fimbo. "Unaiga mama ya bantu, wewe ulimuzika siku gani? Unamuita kifo?" Alimchapa mpaka mama, aliyeigwa, akaja kumwombea. Mwansa hakuguswa hata kidogo, lakini ndiye aliyelia kwa sauti kuliko aliyechapwa. Walikuwa hivyo wale wawili.

Mwansa mwenyewe alikuwa na mambo yake. Hakuingia nyumbani bila kuvua sandali, kuzigonganisha juu ya kichwa chake vumbi limwagike, na kusema: "Hodi wenye njaa!" Kana kwamba yeye ndiye aliyeleta chakula, na wakati njaa kubwa ya nyumba ile ilikuwa yake. Na tangu aanguke mtini akavunjika bega la kulia, hakuweza kulala ila upande wa kushoto, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu. Hata alipokuwa kijana mwenye ndevu mama alikuwa akipita kumfunika na kusema angalia, mtoto wangu analala kama anasikiliza ardhi.

Vita vilipofika kwetu, sikuwa na haja ya kuelezwa nani anapigana na nani. Kulikuwa na watu wa pori na kulikuwa na askari, na sisi tulikuwa katikati na mahindi yetu. Mulenga alikuwa ameingia pori. Wengine walisema alichukuliwa kwa nguvu, wengine walisema alikwenda mwenyewe kwa hasira baada ya nyumba ya babu yake kuchomwa. Mahindi yalikuwa yamekauka, yanangoja kuvunwa tu. Asubuhi tuliyokimbia, Mwansa alitufungia mizigo, akambeba mama mpaka ng'ambo ya mto, kisha akageuka.

— Nivune kwanza, mama. Tukienda bila kitu tutakula nini kule? Nitabafuata.

Tulifika Lubumbashi miguu imevimba. Mjomba Jeannot alitupokea kwake Ruashi, katika nyumba ambayo hata plafondi, dari, haikuwa nayo, akatupa chumba chake na yeye akalala sebuleni na kikohozi chake. Nilianza kushona kwa cherehani ya kukodi. Nikaolewa. Mwansa hakuja.

Habari zilikuja. Alionekana Manono. Alionekana akibeba mizigo ya watu wa pori. Alikufa. Hakufa, ameoa Pweto. Kila aliyefika kutoka kaskazini alileta Mwansa wake. Mama alizisikiliza zote, na hakulia hata moja. Nilipojifungua mtoto wa kiume nilitaka tumwite Mwansa, ili jina lisipotee. Mama aliniangalia kama nimemtukana.

— Jina iko na mwenyewe. Iko njiani. Unataka kumupokonya jina na yeye iko njiani?

Mtoto akaitwa Caleb, basi, Caleb tu, bila jina la ukoo. Katika familia yetu hiyo ni kama kutembea bila viatu, lakini nani angeshindana na mama?

Siku redio iliposema pande zote mbili zimekubali kusimamisha vita, nilikuwa nashona sare ya shule. Nikatoa mguu kwenye cherehani.

— Mama, banasema vita imekwisha. Cessez-le-feu.

— Nani amesema?

— Redio.

— Redio inajua kama Mwansa iko wapi?

Lakini alikuwa ameshasimama, anatafuta kitambaa chake cha kichwa. Tangu siku ile akawa anakwenda kwenye kituo cha malori ya kaskazini. Malori yalirudi taratibu, kwanza yakiwa matupu kama yanaona haya, halafu yamejaa muhogo, mahindi, samaki wakavu, na watu juu ya magunia. Mama alisimama pale na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, anamnywesha kila anayeshuka na kumwuliza habari. Wanaume wa pori nao wakaanza kushuka kwenye malori yale yale, wembamba, macho chini, wamevaa mashati ya kupewa.

Hao hawakuulizwa. Mapatano yalikuwa yamesomwa kule Mitwaba mbele ya watu wote, na kila aliyefika mjini aliyarudia kama sala: anayeweka bunduki chini arudi kwao, na mtu asimwulize mwenzake alifanya nini vitani. Anayeuliza ndiye anayeanzisha vita upya. Mimi si mtoto, nilielewa. Bila neno lile wasingetoka porini hata mmoja. Na amani ile niliila, siwezi kuikana. Mahindi yalishuka bei, wateja wa kutoka kule wakaanza kuleta vitambaa vya harusi badala ya vitambaa vya kilio, na usingizi wangu ukarudi. Lakini bunduki zilinyamaza pamoja na midomo, na mimi nilikuwa na swali moja tu duniani.

Kisha swali lenyewe likahamia mtaani kwetu. Mulenga alikuja Ruashi kufyatua matofali. Unajua huku kila mtu anajenga, na matofali mazuri hutoka kwenye udongo wa kichuguu. Alipata kichuguu kikubwa kando ya barabara ninayopita kwenda kwenye cherehani yangu, akawa anakichimba, anafyatua, anapanga tanuru, anachoma. Mara ya kwanza aliponiona alisimama wima, mikono imejaa udongo.

— Jambo, yaya Kangwa.

Aliniita yaya, dada mkubwa, kama zamani. Nilivuka barabara. Upande wa pili kuna gereji inayomwaga maji machafu, hakuna mtu mwenye akili anayepita kule, lakini nilipita. Na kesho yake nilipita. Nikazoea. Viatu vyangu vyote vikawa na rangi ya oili.

Mama yeye alimjibu salamu. Nilipolisikia hilo nilichemka.

— Mama, unamusalimia huyu?

— Ni Chui wetu.

— Basi muulize! Ulizunguka malori yote, uliuliza mpaka bashofere. Huyu njo alikuwa kule, na yeye humuulizi?

— Balisema tusiulize.

— Weye njo ulisaini?

Mama alikaa kwenye kiti chake kidogo, akavuta kikwembe magotini.

— Kangwa, nikimuuliza atajibu. Na akijibu, minafanya nini na ile jibu? Minaipika? Wacha.

Niliacha. Niliona wazi kwamba mama asipouliza, Mwansa bado yuko njiani, amechelewa tu. Nami niliona pia kwamba njia hiyo inamla. Alikuwa amekonda kuliko mjomba mwenyewe, na mjomba ndiye aliyekuwa mgonjwa. Niliogopa kwamba atakufa hajajua, na mimi nitabaki na mtoto asiye na jina na kiti kitupu. Hilo ndilo nililokuwa nikilibeba kila nilipovuka ile barabara.

Mjomba Jeannot alifariki mwanzoni mwa mvua. Mapafu yalikataa. Watu walijaa, turubai likafungwa, na swali likaja: nani anachimba? Mimi nikasema haraka, kabla mtu hajataja jina lingine, kwamba tumwite Élie. Élie ni Chui wa ukoo ule ule, muuza simenti, mtu wa kanisa, ana gari. Nilikwenda mwenyewe dukani kwake. Alinipa kiti, akanipa na soda.

— Pole sana, yaya. Lakini sisi tumeokoka. Kuvaa nguo ya mufu, kumuiga, ile ni mambo ya giza. Minaleta chorale yetu, bataimba muzuri.

— Chorale itaingia mu kaburi?

— Yaya, kuna bantu ya kulipa kwa kazi ile.

Aka! Mbuzi anakufa, Chui anamletea wimbo. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, na mama hakuniacha hata nikae.

— Nilijua. Enda kwa Mulenga.

— Mama...

— Kaburi ni yake. Ao unataka kaka yangu azikwe na bapita-njia?

Nilikwenda. Safari hii sikuvuka. Mulenga alikuwa juu ya tanuru anapanga matofali mabichi, akaniona nakuja moja kwa moja, akashuka polepole kama mtu anayemshukia mbwa asiyemjua.

— Yomba Jeannot amekufwa, nikamwambia.

— Nilisikia. Pole, yaya.

— Mama anasema kaburi ni yako.

Alitazama mikono yake. Udongo ulikuwa umekauka mpaka kwenye viwiko.

— Mama njo amesema? Kwa mudomo yake?

— Kwa mudomo yake.

— Na siku ya kufunga kilio, nivae?

— Uvae.

— Mutanisikia mpaka mwisho? Hamutanikata?

Nilidhani anazungumzia pombe na matusi. Nikamjibu kwa ukali kwamba sisi ni watu wa Mitwaba, desturi tunazijua, na mtani hakatwi. Akaitika, akachota maji kwenye pipa, akaanza kunawa. Alinawa kwa muda mrefu, mpaka nikachoka kungoja nikaondoka.

Makaburini alichimba vizuri, hilo lazima niliseme. Alinyoosha kuta za kaburi kwa bapa la jembe kama anapiga plasta. Sanduku lilipoteremshwa yeye ndiye aliyekuwa chini, akalipokea upande wa kichwa, akaliweka, akaona halijakaa sawa, akaomba tofali. Akaliegemeza. Akapapasa ubao kwa kiganja, kama unavyompapasa mtoto aliyeanza kusinzia. Niliiangalia mikono ile nikageuza uso, kwa sababu sikujua imefanya nini kingine, na kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake kwa upendo.

Ndipo ikafika siku ile ya suruali ya kijivu.

Alimwiga mjomba mpaka tukachoka kucheka. Alikagua masufuria. Alimsuta Zéphirin kwamba mkwe wa Kasai anakula kwa hesabu na kulala bila hesabu, na hapo hata Zéphirin alishindwa, meno yakaonekana. Mama akasema: "Jeannot, enda salama, umetuchosha na kikohozi yako," na Mulenga akajibu kwa sauti ya mjomba: "Minaenda, dada, lakini ile radio yangu mutu asiiguse." Akakohoa mara ya mwisho, akatoka langoni. Watu wakapiga makofi. Wanawake wakarudi kwenye muhogo wao, mimi nikaenda kupakua bukari yake.

Nikasikia sandali zikigonganishwa.

Niligeuka na sahani mkononi. Mulenga alikuwa amerudi langoni. Suruali ilikuwa ile ile, lakini mtu alikuwa mwingine. Bega la kulia lilikuwa limeshuka kidogo. Alikuwa ameinua sandali zake juu ya kichwa, anazigonganisha, vumbi linamwagikia nywele zake, na aliposema sauti ilikuwa nyepesi, ya kijana mwenye njaa na furaha:

— Hodi wenye njaa!

Vijana waliozaliwa mjini wakacheka, wakidhani ni kichekesho kingine. Wale wa kwetu hawakucheka. Kicheko kilikatika kwenye mistari ya viti, kimoja baada ya kingine. Zéphirin aliniuliza ni nani huyo anayeigwa sasa. Nilikuwa nimelikumbuka lile sharti, fimbo ya babu na kikwembe cha mama. Mulenga asingethubutu. Hamwigi ambaye hakumzika.

Mama alikuwa amelikumbuka kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakusimama. Alimwangalia mtu yule pale langoni, akanyoosha mkono, akapiga mkeka mbele yake kwa kiganja.

— Karibu, Mwansa.

Alikuja akakaa. Alikaa kama Mwansa, mguu mmoja chini ya mwingine. Mama akaanza kuongea naye kama desturi inavyomruhusu mfiwa.

— Umekawia, mwanangu.

— Nimekawia, mama.

— Ulimaliza kuvuna?

— Nilikuwa nabakisha mistari kidogo.

— Uko wapi sasa?

— Mu shamba yetu, mama. Nyuma ya kile kichuguu kikubwa, fasi tulikuwa tunatafuta uyoga.

— Nani alikulalisha pale?

— Chui mumoja. Peke yake. Benyewe bengine balikuwa banamuita bakimbie, akakatala. Alisema ni Mbuzi yake.

Hapo mimi nilivunja desturi. Nilikuwa nimesimama na sahani, na sauti iliyotoka kwangu sikuijua.

— Na nani alikuua?

Wazee wa kwetu walinigeukia wote. Mtu mmoja alisema "Kangwa!" Mulenga hakugeuka mara moja. Bega lake la kulia likapanda polepole mpaka likalingana na lingine, na aliponiangalia alikuwa yeye, na sauti ilikuwa yake.

— Yaya Kangwa, bunduki ilikuwa mingi siku ile. Na ya kwangu ilikuwa pale.

Nilisubiri aendelee, nilitaka aendelee, nilitaka aseme hakupiga au aseme alipiga, nipate cha kushika. Nilihesabu moyoni maneno yote ambayo mtu angeweza kuyaongeza pale, na yeye hakuongeza hata moja. Chozi moja lilikuwa limemfika kwenye ndevu na hakulifuta. Nilitaka kumrushia ile sahani usoni. Mungu ananijua, mkono wangu ulikuwa umeshainuka.

— Kangwa, weka chakula chini, mama akasema. Sijamaliza na mwanangu.

Nikaiweka. Mama akamsogelea Mulenga kwa magoti, karibu kabisa.

— Mwansa. Ulilala upande gani?

Mulenga akajilaza kwenye mkeka, mbele ya watu wote, kwa ubavu wa kushoto, akakunja magoti.

— Na mukono? mama akauliza. Mukono ilikuwa wapi?

— Chini ya shavu, mama, Mulenga akasema, na akaingiza kiganja pale. Njo vile nilimuweka.

Mama aliutazama mkono ule. Akausogeza kidogo, vidole vielekee sikioni, kama Mwansa alivyokuwa akiweka. Halafu akavuta kitambaa chake cha kichwa, akakitupa, na akalia. Alilia kilio cha mtoto wake, kilio kizima, kile alichokuwa amekikataa miaka yote ile mbele ya malori. Wanawake wa kwetu walimpokea mmoja mmoja, na mimi nilianguka katikati yao, nikalia na mdomo wazi kama mtoto mdogo.

Tulikuwa tumekuja kufunga kilio, tukajikuta tumefungua kingine. Zéphirin, yule yule wa "mulevi mumutoshe", aliinuka bila kuambiwa, akaenda kumwambia mwenye viti na turubai kwamba havirudi leo. Mulenga alikula bukari niliyopakua. Nilimnawisha mikono, maana desturi inataka dada wa marehemu ndiye amnawishe, na sikumtazama usoni. Alikula yote. Alipomaliza aliinuka, akatoka kwa mwendo wake mwenyewe, na suruali ya mjomba, ambayo sasa ilikuwa yake.

Kilio cha Mwansa kilipofungwa, mama aliamka asubuhi, akafagia lupango, akasimama karibu na bomba akaita:

— Mwansa! Ee Mwansa, kuja uchote maji!

Nilishtuka mpaka nikadondosha mkasi. Caleb alikuwa anacheza na gurudumu la baiskeli. Alitazama nyuma yake kuona anaitwa nani, akaona hakuna mtu, akaacha gurudumu, akaenda.

Mama ananenepa sasa. Kwenye malori haendi tena. Akikutana na Mulenga wanatukanana kama Mbuzi na Chui wanavyopaswa kutukanana, anamwambia tanuru lake linanuka kama yeye, na Mulenga anacheka. Amekwisha kusema kwamba akifa yeye, asiitwe mwingine.

Mimi bado navuka barabara. Mama ameniambia niache, Zéphirin ameniambia niache, viatu vimeniambia niache. Siwezi. Amani ya redio naikubali, na neno la mama nalikubali, lakini miguu ikikaribia lile tanuru inageuka yenyewe. Yeye anasimama wima na udongo wake na suruali ile ya kijivu, ambayo haijulikani tena ilikuwa ya rangi gani, ananisalimia, nami navuka. Ila kaburi langu ni lake, hilo nimeshamwambia Zéphirin, na amelia kidogo kwa hasira, kisha akakubali. Tena najua atakachokiiga. Atajifunga kikwembe changu, atatembea vizuri upande wa matofali, kichwa juu, halafu ghafla atakunja mdomo, atainua viatu, na atavuka kwenye maji machafu ya gereji, na watoto wangu watacheka mpaka walie.